Siri si Faragha: Taarifa za Watoto Katika Vikundi Vyetu vya Vijana

Mwaka jana, jioni moja, nilinunua karanga za mia mbili pale Igoma, jijini Mwanza, jirani na zinaposimama daladala za mjini. Kijana muuzaji alizipima kwa kikombe kidogo cha plastiki, akazimimina kwenye karatasi aliyoiviringisha ikachongoka chini, akanipa. Nilizitafuna njiani hadi zikaisha. Nilipoikunjua karatasi nikung'ute chumvi, nikaona mwandiko wa kalamu ya bluu. Jina la mtoto wa kike, majina yote matatu. Tarehe ya kuzaliwa. Shule na darasa. Mtaa anaokaa, na nyumba yao iko nyuma ya duka gani. Jina la mama na namba yake ya simu. Chini kabisa, kwenye mstari wa "Hali ya afya", mtu alikuwa amejaza neno moja: selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi.

Sehemu ya juu ilikuwa imechanika, lakini kilichobaki kilitosha kunijulisha kwamba ile ni fomu ya kujiunga na kikundi cha vijana cha michezo. Mimi mwenyewe ni mlezi katika kikundi cha watoto cha mpira na ngoma. Fomu zetu na ile ni kama mapacha. Nilisimama pale barabarani na karatasi yenye mafuta mkononi, nikiona aibu kana kwamba imetoka kwenye faili letu.

Hakuna aliyepanga kumdhuru yule binti. Safari ya karatasi ile ninaweza kuikisia. Mlezi aliuliza habari za ugonjwa kwa nia njema, mama akajaza kwa kumwamini. Mwaka ukaisha, fomu zikatiwa kwenye boksi, boksi likapelekwa stoo, stoo ikahitajika kwa kazi nyingine, mtu akaambiwa asafishe. Na mjini kwetu karatasi iliyoandikwa upande mmoja haitupwi. Ina soko kwa wauza karanga, bagia na vitumbua.

Tangu siku hiyo nimezungumza na walezi wenzangu wengi, wa timu za mitaani, wa kwaya, wa madrasa, wa skauti, kuanzia Buhongwa hadi Kisesa. Nimekuta mkanganyiko wa namna tatu. Wapo wanaosema, "Sisi hatuandiki chochote, tusije tukaingia matatani na hiyo sheria mpya ya taarifa binafsi." Wapo wanaoandika kila kitu na kukihifadhi popote. Na wapo ambao, mtoto akidhuriwa ndani ya kikundi, hushusha sauti na kusema, "Hilo ni suala la faragha, tusilitoe nje." Hao wa mwisho ndio wananinyima usingizi. Lakini fundo lote ni moja, na linafunguka likianzwa upande wake.

Kwanza, kwa nini tuandike

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni wangapi waliokuwa ndani, na ndugu walisubiri ufukweni wakitaja majina kwa midomo. Sisi wa kandokando ya ziwa hatuhitaji kuelezwa zaidi faida ya orodha. Kikundi kinapowavusha watoto kwenda kisiwa cha Saanane, hata kama ni safari fupi kabisa, majina yaandikwe nakala mbili: moja iende na mlezi, moja ibaki nchi kavu kwa mtu mwenye simu iliyo hewani. Hapo kuandika jina la mtoto ni sehemu ya kumlinda, sawasawa na kumvalisha boya.

Selimundu nayo ni mfano mzuri, na karatasi yangu ya karanga ndiyo iliyonifundisha kuufikiria vizuri. Nchini huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wakiwa na ugonjwa huo, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi zaidi. Mtoto mwenye selimundu anaweza kucheza na wenzake. Lakini kiu, baridi na uchovu mkubwa vinaweza kumletea maumivu makali ya mifupa na kumlaza hospitalini. Anatakiwa kunywa maji mara kwa mara na kupumzika anapoomba. Asiadhibiwe kwa kuzungushwa uwanja mara kumi jua la saa saba, wala asiachwe na nguo mbichi ufukweni upepo wa asubuhi unapovuma. Kocha asiyejua atamwita mvivu. Nimewahi kusikia neno hilo likirushwa uwanjani kwa mtoto ambaye siku tatu baadaye alikuwa amelazwa, na kocha aliyelitamka hakuwa mtu mbaya. Hakuwa ameambiwa.

Kwa hiyo anayesema "hatuandiki chochote" anajilinda yeye, mtoto anabaki bila kinga. Ustawi wa mtoto unahitaji mtu mzima anayejua. Kilicho kigumu ni kuchagua ajue nini, na ajue nani.

Katika kikundi chetu tuliketi na fomu yetu tukaipitia mstari kwa mstari, kila swali likitakiwa kujieleza: wewe unafanya kazi gani hapa? Jina, sawa. Umri, sawa, kwa sababu ya kupanga timu. Simu mbili za watu wazima, sawa, maana moja huwa imezimwa. Ugonjwa unaohitaji uangalizi uwanjani, sawa. Kabila? Palikuwa kimya. Kazi ya baba? Kimya tena. Dini? Mwenzetu mmoja akasema tunahitaji kujua kwa ajili ya chakula cha safari na siku za mfungo. Basi tukafuta swali la dini, tukaweka swali la chakula: kuna kitu mtoto hali, au siku ambazo hafanyi mazoezi? Nilipouliza kabila liliingiaje, jibu lilikuwa rahisi: fomu tuliyoinakili ilikuwa nalo.

Sheria inavyosema

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Mtoto ni mtu. Juu ya msingi huo ikajengwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024.

Wengi wa walezi wenzangu wanadhani sheria hii ni ya mabenki na kampuni za simu. Inamgusa anayekusanya na kuchakata taarifa za watu, na kuchakata maana yake ni pana: kuandika, kuhifadhi, kusoma, kumpa mwingine, hata kufuta. Inamtaka mkusanyaji ajisajili kwenye Tume. Kikundi kilicho chini ya shule, kanisa, msikiti au asasi kiulize uongozi wake usajili umekaaje. Kilicho peke yake kiwasiliane na Tume chenyewe.

Jambo ambalo mlezi hapaswi kulikosa ni kwamba sheria inazitaja taarifa zinazohusu watoto ndani ya kundi la taarifa nyeti, pamoja na habari za afya na imani ya mtu. Taarifa nyeti hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu. Na kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, anayetia saini ni mzazi au mlezi wake wa nyumbani. Saini hiyo iwe na maana. Kabla ya kujaza, mzazi aelezwe taarifa hizi ni za nini, nani atazisoma, na zitakaa kwetu hadi lini. Mzazi asiyesoma vizuri asomewe, tena kwa lugha anayoielewa. Kwa bibi wengi wa vijijini kwetu lugha hiyo ni Kisukuma.

Karatasi ya karanga ilikuwa nyeti mara mbili, basi: ni habari za mtoto, na ni habari za ugonjwa.

Suala la nani asome ndilo linalohitaji ujasiri zaidi, kwa sababu linagusa heshima za watu. Habari za selimundu zinamhusu kocha aliye uwanjani, mlezi wa safari na mwenye sanduku la huduma ya kwanza. Hazimhusu mweka hazina. Hazimhusu mwenyekiti, hata kama ndiye aliyeanzisha kikundi. Hazimhusu mfadhili. Hili la mfadhili lilitukuta. Mtu mwema alitaka kutununulia jezi na mipira, akaomba orodha ya watoto, picha zao, na maelezo ya shida ya kila mmoja: yatima ni nani, mgonjwa ni nani, asiyelipiwa ada ni nani. Tulimpa idadi: watoto wangapi, wa umri gani, viatu namba ngapi. Majina na shida tulimnyima. Alikasirika kidogo, kisha akaelewa, na jezi zilikuja. Hata kama zisingekuja, mtoto hawezi kulipia mpira kwa kutangaziwa kwamba baba yake alikufa kwa ugonjwa gani.

Picha

Hapa ndipo tunapokosea kila Jumamosi, na ninasema "tunakosea" kwa makusudi. Mechi ikiisha simu zinatolewa. Picha inapandishwa status kabla watoto hawajavua viatu: nyuso, jezi, sketi ya shule yenye nembo kwa yule aliyetoka darasa la ziada, na maelezo chini yake, "Vijana wetu, kila Jumamosi saa mbili asubuhi, uwanja ule ule." Mtu asiyemtakia mtoto mema amepewa uso, shule, siku, saa na mahali.

Mama mmoja alinifuata baada ya mazoezi, akaniita pembeni.

"Mwalimu, samahani. Ile picha ya jana naomba uitoe."

"Hakuna shida, mama. Kwani imetoka vibaya?"

"Imetoka vizuri. Baba yake hajui kama tuko huku."

Alikuwa ameondoka mkoa mwingine na watoto wawili usiku, kwa sababu ya kipigo. Miezi minane alikuwa amejificha kwa dada yake. Mimi, kwa furaha ya mabao matatu, nilikuwa nimemwonyesha mtu yule njia ya kufika. Niliifuta picha palepale, lakini ilikuwa imekaa hewani usiku kucha, na watu arobaini na kitu walikuwa wameiona. Nilihesabu majina yao mmoja mmoja. Hadi leo sijui kama kati yao kuna aliyeituma mbele.

Sasa fomu yetu ina mstari wa picha peke yake, mbali na saini ya kujiunga, ili mzazi aweze kukubali mazoezi akakataa picha. Na hata mzazi akikubali, mtoto anaulizwa. Sheria ya Mtoto inampa haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Binti wa miaka 13 asiyetaka sura yake kwenye simu za watu ana haki ya kugeuka pembeni bila kuitwa mkaidi. Tunapiga kwa mbali, watoto wengi kwa pamoja, bila majina, na tunapandisha baada ya siku kadhaa, tukiwa hatuko tena pale. Watoto walioko kwenye grupu la WhatsApp la kikundi? Hatuna. Grupu ni la wazazi, na halitajwi humo jina la mtoto anayedaiwa, anayeumwa wala aliyeadhibiwa.

Siri si faragha

Nimefika kwenye kiini. Watu wanaponiuliza inawezekanaje tufundishwe kunyamaza kuhusu habari za watoto na hapohapo tufundishwe kusema mtoto anapodhuriwa, nawaomba wajibu swali moja kila mara: ukimya huu unamlinda nani? Ukimya unaomlinda mtoto ni faragha. Ukimya unaomlinda aliyemdhuru, au jina la kikundi, ni siri, na kwa ukimya huo sheria yoyote ya faragha haitoi kinga.

Mfano mkubwa zaidi duniani ninaoujua unatoka Marekani. Boy Scouts of America, chama cha skauti cha huko, tangu miaka ya 1920 kilikuwa kikiweka majalada ya viongozi waliofukuzwa au kuzuiwa, wengi wao kwa tuhuma za kuwadhuru watoto kingono. Kuweka majalada lilikuwa jambo la busara. Lakini yalifungiwa. Wazazi hawakuambiwa, na mara nyingi polisi nao hawakuambiwa; mtu aliondoka "kwa sababu binafsi". Baadhi yao walijiunga tena kwingine wakaendelea. Mwaka 2012, kwa amri ya mahakama ya jimbo la Oregon, majalada zaidi ya 1,200 ya kati ya 1965 na 1985 yaliwekwa wazi. Februari 2020 chama kiliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na watu zaidi ya 82,000 wakajitokeza kudai fidia kwa yaliyowapata utotoni. Chama hicho hakikukosa taarifa. Zilikuwepo, zimepangwa vizuri, zimefungwa kwa kufuli, huku wanaozihitaji wakiwa nje ya mlango.

Sisi majalada hatuna, lakini msemo tunao: funika kombe mwanaharamu apite. Mwalimu wa ngoma anasemwa amemshika binti vibaya. Wazee wanaitwa, wanakaa chini ya mwembe, familia inapewa kitu, mwalimu anahamia kikundi cha Sengerema. Kikundi kipya kikipiga simu kuulizia, kinajibiwa, "Aliondoka mwenyewe, hatuna tatizo naye." Aliyejibu hivyo ataapa kuwa ametunza faragha ya watu wote.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 yaliyowapata kabla hawajatimiza 18. Takriban wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja. Wengi hawakuwa wamemwambia mtu; wavulana ndio walionyamaza zaidi. Katika timu ya watoto ishirini na wawili, fanya hesabu mwenyewe.

Sheria ya Mtoto haimwachii mtu hiari hapa. Kifungu cha 95 kinampa kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mitaa ya eneo lake. Hakisemi "baada ya kuthibitisha". Na sheria ya taarifa binafsi yenyewe inaruhusu taarifa zitumike bila ridhaa pale inapobidi kuzuia hatari kwa uhai au afya ya mtu, au pale sheria nyingine inapotaka. Hizi mbili hazigongani popote. Zinakutana kwenye swali lilelile la nani asome: afisa ustawi wa jamii asome, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto asome, daktari asome. Grupu la wazazi lisisome. Jirani asisome. Mwandishi wa habari asipewe jina.

Mtoto anapokuja kusema

Mara nyingi haji na habari kamili. Anakuja na kipande: "Mwalimu, mimi sitaki kupanda pikipiki ya kocha tena." Mwachie aseme kwa mwendo wake. Usimuulize maswali yanayomwekea maneno mdomoni, wala usimrudishe nyuma aanze upya ili mwenzako naye asikie. Mtoto anayesimulishwa mara tano huishia kuonekana mwongo. Usimrekodi kwa simu. Mwambie amefanya vizuri kusema na kwamba kosa si lake.

Atakuomba usimwambie mtu. Hapa ndipo wema wetu unapotuponza, kwa sababu mdomo unataka kusema "sawa mwanangu". Usiahidi. Sema hivi, kwa maneno yako: "Sitamwambia kila mtu. Nitamwambia mtu ambaye kazi yake ni kukusaidia, na nitakuambia ni nani kabla sijaenda." Nimewahi kusema maneno hayo kwa mtoto wa miaka 11, akanitazama kwa muda, akauliza, "Na mama?" Tukaamua pamoja nani amwambie mama.

Akishaondoka andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, tarehe na saa, utie saini. Kisha toa taarifa siku hiyohiyo: kwa mtendaji wa mtaa au afisa ustawi wa jamii, kwa Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo haina malipo. Kama kuna dalili za kuingiliwa, afya yake itangulie: asioge, nguo zisifuliwe, afikishwe hospitali upesi, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Usimwite mtuhumiwa umhoji. Usiitishe kikao cha kusuluhisha. Mtuhumiwa anasimama kando na shughuli za watoto hadi vyombo vimalize kazi, na jina lake nalo halitangazwi mtaani, kwa sababu naye ana haki ya kusikilizwa mahali panapostahili.

Lakini mengi yanazuilika kabla ya hapo. Anayewinda watoto huanza taratibu sana. Huanza na soda, halafu buku ya nauli, halafu viatu vya mpira ambavyo baba hakuweza kununua, halafu lifti, halafu ujumbe wa saa nne usiku: "Umelala?" Kila hatua inakuja na siri ndogo, "usiwaambie wenzako wataona wivu," hadi mtoto azoee kutunza siri za mtu mzima. Kwa hiyo sisi tumeweka kanuni chache na tumezibandika ukutani watoto wazisome: hakuna mtu mzima anayekaa na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, safari ya kulala huenda na walezi wawili au zaidi, wa kike na wa kiume, zawadi hutolewa na kikundi mbele ya wote, ujumbe wa simu huenda kwa mzazi. Na kila mlezi mpya hutuletea watu wawili wanaomfahamu, kisha tunapiga simu kikundi alichotoka na kuuliza swali la wazi: kuna jambo lolote kuhusu mtu huyu na watoto ambalo tunapaswa kulijua?

Kocha mmoja kijana aliona tunamtukana. "Yaani dada, mnaniona mimi ni fisi?" Nilimwambia ukweli wangu: kanuni inamkinga na yeye, kwa sababu siku atakaposingiziwa, wapo watu wanaoweza kusema tulikuwepo, tuliona. Alibaki. Leo ndiye anayeikumbusha kwa wengine.

Karatasi zinapomaliza kazi

Sheria inataka taarifa zisikae muda mrefu kuliko kazi iliyozileta. Fomu za safari tunazichoma wiki moja baada ya wote kurudi salama. Fomu ya mtoto aliyeondoka tunaichoma mwisho wa mwaka, walezi wawili wakishuhudia, na tunaandika tarehe. Kumbukumbu za malalamiko na matukio ya madhara hazichomwi. Zinakaa kwenye bahasha iliyofungwa, kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo ukiwa kwa mtu mmoja anayejulikana. Simu yenye namba za wazazi ina neno la siri, na haipewi mtoto wa mtu achezee gemu. Gharama yote ilikuwa kufuli na kabati la mtumba.

Ile karatasi ya Igoma niliiweka kwenye pochi usiku mzima nikisita, kwa sababu hata kumpigia yule mama ilikuwa ni kutumia namba ambayo hakunipa mimi. Asubuhi nikapiga.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha, nikamwambia nimeokota karatasi yenye jina la mwanawe. Alinyamaza. "Ya kliniki?" Nikasema hapana, ya michezo. Pumzi ikamtoka, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba hata mawifi zake hawajui kama binti anaumwa. Waliwahi kumsema vibaya kwa mtoto aliyemtangulia.

Tulikutana saa kumi palepale Igoma. Nikampa karatasi yake, akaikunja mara nne akaitia kwenye khanga. Halafu akaniuliza, "Na za wenzake?" Tukaenda wote hadi kwa muuza karanga. Alikuwa na rundo chini ya beseni, tukahesabu fomu tisa zenye kichwa kilekile. Mama akatoa elfu moja. Kijana akaikataa, akatupa rundo zima, akainama kuchana gazeti apate la kufungia.